Majumba ya Maji: Kutoka Mtoni hadi Maruhubi

Karne ya 19, mkubwa wa Unguja aliyejiweza alikuwa na nyumba mbili. Ya mjini ilikuwa ya kazi: kupokea wageni, kusikiliza kesi, kuhesabu pembe na karafuu. Ya shamba ilikuwa ya kupumua. Na kwetu kwenda shamba hakukuwa safari ya kufunga mizigo ya mwezi mzima. Ulivuka daraja ukaingia Ng'ambo na kuendelea kwa punda au farasi, au ulipanda mashua ukaambaa na ufukwe kuelekea kaskazini, na kabla jua halijawa kali umeshafika.

Masultani nao walikuwa na zao, kubwa kuliko za wengine wote. Mtoni ndiyo ya mwanzo. Kisha zikaja Beit el-Ras, Kidichi, Chukwani upande wa kusini, na Maruhubi, ambayo ndiyo niipendayo zaidi kuitazama ingawa ndiyo iliyobaki na kidogo. Mimi ni mtoto wa barabara ya Bububu. Nyumba hizi nimezipita tangu nikibebwa mgongoni. Kwa miaka mingi nilizihesabu kuwa magofu tu, mawe yenye kibao cha serikali mbele yake. Siku hizi naziona kwa jicho jingine, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa: majumba haya yalijengwa kwa ajili ya maji. Aliyetaka kiti cha enzi alikuwa nacho mjini. Huku shamba alifuata maji ya kuoga, maji ya kunywa, maji ya kutazama, na anayetaka kuyaelewa majumba yenyewe aanzie kwenye hamamu, yaani nyumba ya kuogea, na birika kabla hajaenda ukumbini.

Mji wenyewe ndio uliowatoa watu nje. Wakati huo mji wa mawe ulikuwa karibu kisiwa: bahari upande mmoja, na upande wa pili mkono wa maji ya chumvi uliokuja kufukiwa baadaye, palipo Darajani leo. Nyumba zilibanana, vichochoro vilikuwa vyembamba, taka zilitupwa ufukweni zikingoja maji kujaa yazichukue, na visima vingi vilitoa maji ya munyu. David Livingstone alipopita mwaka 1866 aliandika kwamba mji huu ulistahili kupewa jina la uvundo wake. Mgeni huwa mwepesi wa kukashifu, lakini katika hili hakuongopa. Miaka mitatu baadaye, 1869 hadi 1870, kipindupindu kiliingia na kuua maelfu ya watu. Kwa hiyo aliyekuwa na uwezo wa kulala penye upepo na maji yanayotiririka, alikwenda.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akitokea Maskati. Ardhi ya Mtoni ilikuwa mkononi mwa Saleh bin Haramil al-Abri, mfanyabiashara Mwomani anayetajwa kuwa mmoja wa waliouleta mkarafuu kisiwani kutoka visiwa vya Mascarene. Ikaishia mkononi mwa Seyyid, na hapo pakajengwa jumba lake la kwanza la Unguja, likaitwa Beit el-Mtoni. Ukitazama mahali penyewe utajua kwa nini alipachagua. Ufukwe uko mbele, mchanga mweupe, na nyuma ardhi inapanda polepole kuelekea kwenye mashamba. Katikati kinashuka kijito ambacho hakikauki. Kwa mtu aliyekulia Oman, ambako maji huchimbiwa mifereji ya chini kwa chini ili yafike kijijini, kijito kinachojiendea chenyewe hadi baharini kilikuwa utajiri kabla hata mkarafuu mmoja haujapandwa.

Tunayajua maisha ya ndani ya jumba hilo kwa sababu mtoto mmoja aliyezaliwa humo alikuja kuyaandika. Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alikimbia Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin. Zipo sehemu za maandishi yake nisizokubaliana nazo kabisa, hasa anapoutetea utumwa. Lakini anapoueleza ua wa Mtoni, ni mtu anayeuona, na hakuna mwingine aliyetuachia ushahidi wa namna ile.

Ua ulikuwa mkubwa mno, na ndani yake walizurura tausi, paa, heroe, mbuni, mabata na mabata bukini. Jumba lenyewe halikuwa na mpangilio wa kupendeza macho. Lilikua kwa kuongezewa, chumba juu ya chumba, ngazi huku na ngazi kule, kadiri watu walivyoongezeka. Salme anakadiria kwamba walioishi humo walifika 1,000. Kijito kilipitishwa ndani ya jumba, kikajaza mabirika, kikatokea upande wa pili hadi baharini. Mwisho wa ua palikuwa na safu ya mahamamu, si chini ya kumi na mbili, na watu waliyaingia mchana na usiku. Kila hamamu lilikuwa na mabirika ya kuogelea, maji yakimfika mtu mzima kifuani. Watu waliswali humo, walifanya kazi za mikono, walisoma, walilala, walikula. Nikisoma hayo napata picha ya baraza la mtaa, ila baraza lenye maji katikati.

Mbele ya jumba, juu kuelekea baharini, palikuwa na roshani kubwa ya duara ya mbao, iliyopakwa rangi na kuwekwa mapazia. Hapo ndipo Seyyid Said alipokaa na watu wake wakubwa kunywa kahawa, na hapo ndipo alipotembea huku na huko peke yake, kichwa kimeinama, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyobaki pajani mwake tangu vitani. Mbele yake meli zake zimetia nanga. Mojawapo, Sultana, iliondoka Unguja na kufika New York mwezi Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa na karafuu, pembe, kahawa, tende na ngozi. Nadhani ukitaka kupata maana ya jumba lile kwa picha moja, ni roshani ile: nyuma ya mgongo mikarafuu, chini ya miguu maji matamu, mbele maji ya chumvi yanayopeleka mali ulimwenguni.

Kwa kawaida Seyyid alikaa Mtoni siku nne za wiki, na tatu zilizobaki alikuwa Beit el-Sahel mjini. Mwenye amri ndani ya Mtoni alikuwa Bibi Azza binti Seif, mkewe wa ndoa kutoka ukoo wa Oman, mwanamke mfupi wa kimo ambaye kila mtu alimwogopa. Hakujaaliwa mtoto. Watoto wote wa Seyyid, ambao 36 walikuwa hai alipofariki mwaka 1856, walizaliwa na masuria: Wahabeshi, Wacherkesi, Wageorgia. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo vitani, wazazi wake wakauawa, akauzwa. Masultani wanne waliofuatana Unguja, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote ni watoto wa wanawake walionunuliwa. Ukoo ule wa kifalme umetokana na wao.

Sasa nije kwenye kuta zenyewe, maana hapa ndipo nilipofundishwa kutazama.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa chokaa. Si wa saruji. Wa chokaa, na alikuwa mkali juu ya tofauti hiyo. Siku moja alinichukua Mtoni akaniweka mbele ya ukuta uliobaki, ukuta mpana kuliko urefu wa mkono wangu, akanionyesha safu ya matundu ya duara yaliyopangana juu usawa wa kichwa cha mtu aliyepanda ngazi. "Unayaona haya, mjomba? Humu ndimo zilimolala boriti. Sasa pima kwa hatua kutoka ukuta huu hadi ule." Nikapima. Hatua chache tu. Nikaingia chumba cha pili, na cha tatu. Vyumba vilikuwa virefu sana, lakini upana haukubadilika. "Sultani alikuwa na fedha za kujenga chumba kipana kama msikiti," akasema, "lakini upana wa chumba hapangi mwenye nyumba, hupanga boriti."

Boriti ni mikoko. Inakatwa kwenye mikoko ya pwani, hasa delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, na ni mti mgumu usioliwa na mchwa kirahisi. Lakini fito lililonyooka na lenye nguvu ya kubeba dari zito halizidi sana mita tatu. Kwa hiyo chumba cha mjini Unguja, cha Lamu, cha Pate, kina upana ule ule. Si huku tu: majahazi yalibeba boriti kupeleka Oman, Bahrain, Kuwait na Basra, ambako miti haipo, na nyumba kongwe za huko zina vyumba vyembamba virefu kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa Rufiji aliyeshika shoka matopeni ndiye aliyepanga upana wa sebule za Ghuba nzima. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Juu ya boriti kulipangwa mawe bapa ya matumbawe, na juu yake sakafu, yaani tabaka nene la kokoto na chokaa. Chokaa chenyewe kilitoka kwenye mawe hayo hayo. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, tanuri likawashwa na kuwaka usiku kucha. Mawe yaliyoiva yaliachwa yanywe maji hadi yasambaratike kuwa unga, kisha chokaa kikafukiwa kingoje miezi. Mjomba alisema chokaa cha haraka ni chokaa cha aibu. Na sakafu haikumwagwa tu ikaachwa, ilipigwa. Wanawake, wengi wao watumwa, walisimama safu na vipande vya mbao mikononi wakapigapiga kwa pamoja siku baada ya siku, wakiimba ili mapigo yaende sawa, mpaka tabaka lile likakaza na kuacha kupitisha mvua. Wageni waliopita Unguja wameandika juu ya nyimbo hizo na kelele zake.

Ndiyo maana siwezi kusimama Mtoni nikasifia ustadi wa Seyyid. Alichagua mahali vizuri, hilo ni lake. Lakini mawe yalibebwa vichwani na watumwa, chokaa kikapigwa na watumwa, mikarafuu ikapandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara hadi maeneo ya Ziwa Nyasa. Jumba ni kazi yao hata kama hakuna jina hata moja lililoandikwa. Vibao tulivyo navyo vinataja mwaka na sultani. Vingeweza kutaja na hilo, kwa sentensi moja tu.

Juu ya Mtoni, ndani mashambani, Seyyid alijenga hamamu la Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mke mwingine, binti wa ukoo wa Shah wa Uajemi, mjukuu wa Fath Ali Shah. Bibi huyu alipanda farasi na kuwinda, na hakukubali kuishi kwa kujificha kama walivyotarajia wenyeji wake. Kidichi ni ndogo, na ndiyo iliyosalimika vizuri kuliko zote. Kuba zake zipo. Ndani, kwenye kuta, chokaa kimechongwa maua, mitende, na ndege. Ndege! Kwenye nyumba ya mtawala wa Kiibadhi, ambaye misikiti yake haikuwa hata na mnara wa kujionyesha, mafundi wa Kiajemi walichonga ndege wenye mabawa, na hakuna aliyewafuta. Weka uso karibu na ukuta, utaona jinsi kisu kilivyopita kwenye chokaa kabla hakijakauka; ukingo wa unyoya mmoja ni mkali, wa pili umelainika kwa vidole vya wageni wa karne moja na nusu. Tafadhali usiguse.

Beit el-Ras naipita haraka. Seyyid aliianza mwaka 1847 kwa sababu Mtoni ilikuwa imefurika watoto, akafa haijaisha, na mawe yake mengi yakaja kuchukuliwa kujengea reli ya Bububu iliyofunguliwa mwaka 1905.

Barghash ni habari nyingine. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake Majid, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa mwandishi wa barua za njama. Walishindwa. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili, na Bombay ya wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuletewa maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar. Akarudi, na mwaka 1870, kipindupindu kikiwa kimetoka tu kuutikisa mji, akawa sultani. Mtu aliyeyaona hayo mawili kwa kufuatana si ajabu akawa sultani wa maji. Ndiye aliyejenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi za kaskazini hadi mjini, na watu wakayachota bila malipo. Katika yote aliyoyafanya Barghash, pamoja na Beit el-Ajaib, jumba lake la mjini la mwaka 1883, na nguzo zake za chuma, mimi nalihesabu hilo kuwa kubwa kuliko yote. Bibi zetu walikunywa maji yale.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akatembezwa, akaonyeshwa majumba ya mashambani ya wakubwa wa kule, yenye viwanja vilivyozungushiwa kuta ndefu. Inasimuliwa kwamba ukuta mkubwa uliozunguka Maruhubi aliuiga huko. Jumba lenyewe lilijengwa kati ya 1880 na 1882, kilomita kama 4 kaskazini mwa mji, juu ya ufukwe, ndani ya shamba la miembe.

Maruhubi lilikuwa jumba la namna mpya. Hapa Barghash aliukataa upana wa boriti. Alitaka upepo. Basi akasimamisha nguzo za mawe, nene, za duara, nyingi, kuzunguka kuta, na juu yake akaweka roshani pana ya mbao iliyolizunguka jumba kwenye ghorofa. Watu walikaa juu, mbali na joto la ardhi, upepo wa bahari ukiwapitia kutoka pande zote. Ukitazama picha za zamani zilizopigwa kabla jumba halijaharibika, unaona nyumba inayoonekana nyepesi, ingawa miguu yake ni minene kuliko mibuyu michanga. Nyuma yake palikuwa na mahamamu ya Kiajemi yenye vyumba vya maji moto na maji baridi, na mabirika makubwa yaliyochimbwa na kujengewa mawe, ambamo mayungiyungi yalielea. Mabirika hayo hayakuwa pambo tu. Maji yaliyotulia kivulini hupoza hewa inayopita juu yake, na jumba lilipangwa ili hewa hiyo iingie ndani.

Roshani ile ya mbao ndiyo iliyokuwa uzuri wa Maruhubi, na ndiyo iliyoliangamiza. Mwaka 1899, miaka kumi na moja baada ya Barghash kufariki, jumba liliungua. Mbao zote zilikwenda. Marumaru za hamamu zikaibwa. Zikabaki nguzo zikiwa hazibebi kitu, na mabirika, na kuta za hamamu. Watu wengi huzipiga picha nguzo hizo wakidhani walikuwa ndani ya ukumbi. Walikuwa chini ya roshani. Kuta za vyumba zilikuwa nyuma yao. Ukishajua hivyo, kila kitu kinajipanga: simama kati ya nguzo, geukia baharini, na kichwani mwako weka sakafu ya mbao juu yako na miguu ya watu ikipita.

Tazama pia kilichosalia na kilichopotea. Mbao zimekwisha. Marumaru imekwisha. Sehemu ambazo maji yalipita ndizo zilizosimama, kwa sababu mafundi walizipa chokaa bora na kuta nene, maana birika linalovuja halisameheki. Mtoni ni hivyo hivyo. Kidichi ni hamamu tupu. Chukwani, ambako Barghash alikwenda kujitibu kwa hewa nzuri, kilichobaki hasa ni hamamu. Fundi aliweka nguvu yake kwenye maji, na wakati nao ukakubaliana naye.

Kuhusu Maruhubi, kuna habari moja ambayo kila mgeni huambiwa: kwamba Barghash alimweka humo mke mmoja na masuria 99. Waongozaji wanapenda kuisema kwa sababu watu hucheka. Mimi inaniudhi. Si kwa sababu ya hesabu. Ni kwa sababu baada ya kicheko hakuna anayeuliza wale wanawake walitoka wapi, na kwa bei gani, na baada ya 1873, mwaka ambao Barghash mwenyewe alitia saini kufunga soko la watumwa la Unguja, nyumba kama hii iliendelea vipi kujazwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897. Jumba la 1882 limejengwa katikati ya tarehe hizo mbili. Hiyo ni habari nzito kuliko ya 99, na mgeni aliyelipa nauli kutoka mbali anastahili kuisikia. Mtoto wa skuli ya Mtoni anastahili zaidi.

Salme alirudi mwaka 1885, akiwa mjane, akiwa Mkristo, akiwa ndani ya meli ya Kijerumani. Barghash, kaka ambaye Salme alikuwa amemwandikia barua za njama, alikataa kumpokea. Salme alikwenda Mtoni akaikuta imekuwa gofu: ngazi moja imetoweka, nyingine imeota majani na kuwa ya hatari, zaidi ya nusu ya nyumba ni lundo la mawe, na mahamamu yaliyokuwa hayakosi watu mengine hayana paa, mengine ni kifusi. Ilikuwa haijapita miaka thelathini tangu baba yake afe. Nyumba ya chokaa haihitaji karne kufa. Inahitaji miaka michache ya kutotiwa chokaa paani. Mvua ikishapata ufa, boriti huoza kichwani, mahali pale pale inapoingia ukutani, na dari hushuka. Baadaye, mwaka 1914, moto ukaipitia Mtoni, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mabaki yake yakatumiwa kama ghala.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaomba wenzangu, hasa wenye nyumba za zamani mjini na wenye mamlaka ya magofu: acheni saruji. Najua ni rahisi, inauzwa kila duka, inakauka kesho asubuhi. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kupitia plasta yake. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya ndani, na baada ya miaka plasta inabanduka ikiwa na nyama ya ukuta. Nimeona kuta za namna hiyo zikikunwa kwa kidole zikamwagika mchanga. Mnamo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib ilianguka ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Sitaki kujifanya mhandisi wa jengo lile. Nasema tu kwamba jengo la Barghash lililoko katikati ya mji, mbele ya macho ya kila mtu, lilituangukia, na Maruhubi haina hata macho hayo.

Mafundi wa chokaa wapo bado, wachache, na wengi wamezeeka. Vijana hawakosi hamu, wanakosa kazi. Fundi hawezi kuchoma tanuri kwa ajili ya ukuta mmoja kwa mwaka. Kama magofu haya matano yangepewa ratiba ya matengenezo ya kila mwaka, si mradi mkubwa wa wafadhili unaokuja na kuondoka, bali chokaa kidogo kila baada ya masika, pangekuwa na kazi ya kudumu kwa mafundi kumi na wanagenzi wao. Kazi yenyewe si ya ajabu: kung'oa mimea inayoota kwenye nyufa kabla mizizi haijanenepa, kuziba vichwa vya kuta ili mvua isikae, kuzibua mifereji. Mche mdogo unaoota juu ya nguzo ya Maruhubi leo unang'oka kwa mkono. Baada ya miaka mitano utahitaji shoka, na utang'oka na mawe.

Ukitaka kwenda, panda daladala ya Bububu, na nenda kwa mpangilio wa kurudi nyuma: anza Kidichi asubuhi, maana huko kuba bado zipo na jicho lako litajifunza hamamu zima linakuwaje. Shuka Mtoni baada ya hapo, utafute matundu ya boriti na upime vyumba kwa hatua. Maruhubi iwe ya mwisho, na ukifika usianze na nguzo. Pitia nyuma, kwenye mabirika, chungulia ndani uone chokaa cha Barghash kilivyoshika mpaka leo, kisha uingie hamamu ufuate njia ya maji kutoka chumba hadi chumba. Kama kuna mwongozaji, mlipe, halafu muulize ni nani waliojenga.